Mwavuli wa Bure wa Chama cha Akiba cha Thornclough

Jumatatu, 3 Machi

Chama chetu cha akiba kimekufa. Kimekufa kimya kimya, jana Jumapili, watu wakiwa mezani na nyama ya kuoka na viazi. Nimekuta karatasi mlangoni kwao nilipokwenda kununua mkate. Nikaisoma mara mbili. Sikupiga kelele. Nikanunua mkate.

Lakini hela zetu zote zimo humo! Hela za tiketi za kwenda New Zealand kwa binti yetu Joanne, ambaye atajifungua Aprili. Mjukuu wetu wa kwanza! Noreen, mke wangu, anaamini ziko benki kubwa ya pale sokoni, zilikokaa miaka yote. Hajui kwamba mwaka juzi nilizihamishia kwa hawa. Riba yao ilikuwa juu kwa nusu asilimia, haitozwi kodi hata peni, na walitoa mwavuli wa bure. Nani angekataa mwavuli, na mvua za Yorkshire hii?

Karatasi inasema tusiwe na hofu. Mfuko wa fidia utamtumia kila mwanachama hundi yake kwa posta, ndani ya wiki moja. Mwanachama hatakiwi kufanya chochote. Neno "chochote" limepigiwa mstari. Haya! Ndivyo wanavyowalaza wajinga. Mimi silali.

Noreen anataka tukakate tiketi Jumamosi ya wiki ijayo. Nimemwambia bila shaka. Nimekula mkate mkavu bila kugundua kwamba sijaupaka siagi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeona hatari ambayo hakuna mwingine angeiona. Hundi itakuja nyumbani. Nyumbani barua huokotwa na Noreen. Noreen akiiona bahasha ya mfuko wa fidia, nimekwisha.

Kwa hiyo nimewapigia simu wabadilishe anwani yangu. Sasa ni: Bw. D. Haigh, Banda Namba 14, Bustani za Kukodi, Thornclough. Binti wa kwenye simu aliuliza kama kweli naishi bandani. Nikamjibu kwamba kwa sasa, ndiyo. Akaniambia pole, baba, kwa sauti ya huruma sana.

Mchana nikapigilia sanduku la barua kwenye mlango wa banda langu la zana, kwenye kibustani ninachokodi. Clifford Sugden, mwenye bustani ya jirani, akaegemea jembe lake akitazama. Akauliza kama vitunguu vyangu vimeanza kuandikiana barua na vya watu wengine. Mpuuzi! Tangu anishinde kwa liki, binamu wa vitunguu, kwenye maonyesho ya mboga ya Septemba, anajiona mchekeshaji.

Jumatano, 5 Machi

Nimefikiri: huenda baadhi ya hundi wanazitoa palepale ofisini, kwa wanaojua kuuliza. Saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni. Umefungwa. Nikasimama kidogo nikitafakari.

Mama mmoja akaja akasimama nyuma yangu. Sikumwita. Kisha wawili wengine nyuma yake. Kufikia saa sita foleni ilikuwa imepita duka la samaki na chipsi na kukata kona ya kanisa. Hakuna aliyeuliza tunangoja nini. Mimi nilijua mlango hautafunguliwa, lakini nilikuwa wa kwanza, na huwezi kuacha nafasi ya kwanza hivi hivi.

Clifford naye akaja akapanga foleni. Hana hata peni kwenye chama! Alisimama nusu saa nzima ndipo akauliza foleni ni ya nini. Alipoambiwa, akasema aa, basi, lakini hakutoka. Akaanza kupaza sauti kule nyuma, eti sisi wa mbele tusukume mambo, au tumelala? Nikamjibu bila kugeuka kwamba mambo ya mbele yana wenyewe.

Mvua ikanyesha. Nikafungua mwavuli wangu. Kijana wa gazeti la mji akapita na kamera.

Alhamisi, 6 Machi

Jamani! Ukurasa wa kwanza! Mimi, kiongozi wa foleni, chini ya mwavuli wenye jina la chama kwa herufi nyekundu. Sura yangu ni ya mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Nimekwenda duka la Bi. Gurdip nikanunua magazeti yote aliyokuwa nayo. Akaniuliza kama naoa tena, hata nagawa picha yangu. Nimeyazika bandani chini ya mifuko ya mbolea. Kisha nikakumbuka kwamba leo Noreen yuko saluni, na saluni hupelekewa gazeti mlangoni.

Amerudi nywele zimependeza. Hajalitaja gazeti. Amepika pai ya nyama, ile ninayoipenda. Wema huu siupendi.

Jumatatu, 10 Machi

Posta imeleta bahasha ya mfuko wa fidia hapa nyumbani. Nikairukia. Ina jina la Noreen!

Akaifungua taratibu akinywa chai. Hundi yake, kamili. Kumbe naye alikuwa mwanachama! Akaniambia kwamba mwavuli umesimama mlangoni mwetu miaka miwili, umeandikwa jina lao kama bango la sarakasi, kwani mimi nilidhani yeye ni kipofu? Aliona nimehama, naye akaenda kuweka vihela vyake vya kushona mapazia. Akakataa mwavuli, maana tulikuwa nao tayari.

Na wiki hii nzima amefanya nini? Hakufanya chochote. Kama karatasi ilivyosema.

Nikapiga simu kuulizia yangu. Imesimamishwa. Anwani mpya lazima ithibitishwe, nipeleke bili ya umeme ya Banda Namba 14. Banda lina taa ya betri! Nikaomba warudishe anwani ya zamani. Wakasema hilo nalo ni badiliko la anwani, lazima lithibitishwe.

Noreen amecheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akasema kwa upole kwamba hela yake inatosha tiketi moja tu.

Jumamosi, 15 Machi

Tiketi moja imekatwa. Njiani kurudi ameniuliza kodi niliyokuwa naikimbia ni ipi, maana riba yetu ni ndogo, serikali isingetudai kitu hata kama hela zingekaa benki ya kawaida. Nimemwambia ni suala la msimamo. Alinishika mkono mpaka kituo cha basi.

Jumanne, 22 Aprili

Noreen yuko Wellington kwa Joanne, wiki ya tatu sasa. Nyumba imepoa. Jana nilitenga vikombe viwili vya chai.

Mtoto amezaliwa! Msichana. Noreen amepiga simu, anasema mtoto ana masikio yangu, maskini, na kila akilala hukunja uso kama mimi kwenye foleni. Nililia kidogo. Akasema hundi ikifika tu, wewe mzee, usifikiri, usipange, kata tiketi uje. Nikaapa.

Na leo imefika! Bandani, bila hata bili ya umeme! Konokono walikuwa wamekula pembe ya bahasha, lakini hundi nzima. Pamoja nayo barua: naruhusiwa kuziweka zote tena kwenye akaunti isiyotozwa kodi, bila kuhesabiwa kwenye kikomo cha akiba ya namna hiyo kwa mwaka. Nikavaa tai nikaenda moja kwa moja kwa wakala wa safari.

Kwenye mlango wa jirani palikuwa na foleni. Nikaingia. Nilipofika katikati ndipo nikauliza ni ya nini. Chama kipya cha akiba, kidogo, sijawahi kukisikia. Riba inashinda ya benki zote, haitozwi kodi! Ukizitoa kabla ya miaka miwili wanakukata riba yote na faini juu. Lakini mimi si mjinga wa kukatwa. Clifford alikuwa nyuma yangu, akiniuliza wanatoa nini. Nikamwambia atajua zamu yake ikifika.

Nimeweka zote. Na zawadi, tofauti na wale wa mwavuli, hawa wanajua kujali mteja: sanduku la safari, jekundu, lenye magurudumu manne. Limesimama mlangoni. Noreen atafurahi sana akiliona.