Wagonjwa wa Uongo

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimemmaliza Taratibu. Ndivyo ninavyomwita yule dada mwandishi wa programu anayekaa dawati la dirishani, ambalo kwa haki ni langu. Ukimuuliza lolote anajibu, "Taratibu, tutaliona." Kaandika mfumo wa wagonjwa kupanga miadi ya hospitali kwa simu. Ulikuwa ufunguliwe keshokutwa. Kazi yangu ni kuujaribu. Natunga wagonjwa wa uongo kwenye kompyuta yangu, maelfu kwa maelfu, nawamwaga kwa mpigo, kisha naangalia kama mfumo utahimili au utapiga magoti.

Umepiga magoti. Wagonjwa hawajafika hata nusu, kioo kikaganda, kikatoa maandishi mekundu: kumbukumbu imejaa. Nimepiga picha. Nimempelekea mkuu wetu moja kwa moja, bila kumwonyesha Taratibu, maana adui hapigiwi hodi. Mkuu kaahirisha ufunguzi. Nimekunywa chai nikilitazama dawati la dirishani.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu ni muuguzi katika hospitali hiyohiyo. Karudi amefura. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri ili waandikiwe miadi, na leo bibi mmoja kaanguka palepale kwenye mstari. Walikuwa wameshaambiwa kwamba foleni inakwisha. Sasa wanaambiwa wangoje, kisa kuna mtu huko ofisini kwetu kasema mfumo ni mbovu. Akaniuliza ni nani huyo. Nikamwambia ofisi ina watu wengi.

"Ningempata," akasema, "ningemsimamisha kwenye ile foleni mpaka miguu imvimbe."

Nikaenda kuoga.

Haya yote ni ya Taratibu. Angeandika mfumo mzima, nyumbani kwangu kungekuwa na amani.

Jumatano, 6 Machi

Taratibu kaja mezani kwangu, kavuta na kiti. Kasema ameichunguza seva ya hospitali, ile kompyuta kubwa inayobeba mfumo wake. Wakati wa jaribio langu ilikuwa imetulia, haina hata jasho.

"Kilichoanguka ni kompyuta yako, kaka. Wagonjwa wako wengi hawakufika hata mlangoni."

Kaka. Tangu lini? Kisha akanyoosha kidole kwenye kidirisha changu cha majibu, pale pembeni mwa kioo ninapoonyeshwa kila jibu la mfumo. Anadai kila mgonjwa wa uongo akijibiwa, jibu zima linabaki humo, na picha zake zote, hadi kompyuta inakosa pa kuweka pumzi. Eti nikifunge tu. Nifunge ushahidi wangu! Hata mwizi wa kuku angependa manyoya yafagiliwe.

Nimemwambia kama shida ni nafasi, nafasi itapatikana.

Alhamisi, 7 Machi

Imepatikana. Mhasibu alipotoka kwenda kula, nimefungua kompyuta yake nikachomoa kibao kimoja cha kumbukumbu, nikakipachika kwenye yangu. Cha pili nimemwachia. Mimi si mnyama. Safari hii jaribio likaenda mbali. Wagonjwa wakapita, wakazidi kupita, nikaanza kuingiwa na hofu kwamba mfumo ni mzima. Halafu kioo kikaganda. Nikashukuru.

Shukrani haikukaa. Mhasibu akarudi, akalalamika kwamba kompyuta yake inajikokota kama konokono mgonjwa. Nikamwambia ni virusi. Mpumbavu akaamini, akaita fundi. Fundi akafungua, akahesabu, akauliza kibao kingine kiko wapi. Wote wakageuka kunitazama mimi, kana kwamba ofisi nzima haina mtu mwingine.

Taratibu naye akapata pa kusemea. Akamwambia mkuu, kwa ile sauti ya kubembelezea mtoto, kwamba mtungi usiopunguzwa maji, hata uwe mkubwa vipi, unachelewa tu kujaa. Mkuu kaamuru kibao kirudi kwa mwenyewe, na kesho nirudie jaribio mbele yake, kidirisha kikiwa kimefungwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekifunga. Kwa hasira nikabonyeza mara mbili. Wagonjwa wote wa uongo wameingia, wamepewa miadi, wametoka. Kompyuta yangu haikukohoa. Seva haikukohoa. Aliyekohoa ni mkuu, kabla ya kuniambia nimwombe Taratibu radhi. Nimeomba kwa mdomo. Moyo niliuacha mezani.

Mchana mfumo umefunguliwa. Jioni mke wangu karudi anaimba. Kasema dada mmoja mpole alikuja hospitali kuwaelekeza, na yeye hakungoja, akamuuliza uso kwa uso ni nani aliyewacheleweshea kazi. Nikauliza alijibuje.

"Kasema ni kompyuta ilileta shida, sasa imetengemaa. Mtu muungwana kweli. Kumbe mnakaa naye ofisi moja, hujawahi hata kumtaja."

Kanisitiri. Alikuwa na kisu na shingo yangu, akakirudisha alani. Sijawahi kutukanwa hivi. Usingizi sitaupata.

Jumatatu, 11 Machi

Kazi mpya. Mfumo wa maktaba, nao kauandika Taratibu. Mkuu kanionya mbele ya watu: kidirisha kisifunguliwe. Sikukifungua. Mimi ni mtu wa kutii. Ila hakunikataza kurekodi video ya kioo kizima tangu mwanzo wa jaribio hadi mwisho, wala kumwamuru kila msomaji wa uongo abaki na nakala ya kila kitabu alichoazima.

Kompyuta imeganda kabla ya chai. Maandishi mekundu yaleyale. Taratibu hajifunzi.

Barua kwa mkuu nimeshaianza, lakini safari hii atataka video yote, na video inataka mashine yenye nafasi. Ya mkuu mwenyewe ndiyo kubwa kuliko zote. Saa saba huwa anatoka kwenda kula.