Nilimkusudia Punda

Jumatano, 4 Januari 1961. Wawi, Pemba.

Kaja mwandishi wa gazeti kutoka Unguja. Jina lake Abrahman. Suruali imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, tabasamu la mposaji. Hahoji wagombea. Ati wagombea wote husema maneno yale yale. Anahoji wake zao! Anataka kujua walisema nini zamani, na kama bado wanasema hivyo.

Mie ni mke wa mgombea. Kura ni tarehe kumi na saba. Yule wangu anakitaka kiti cha Baraza la Kutunga Sheria, na tangu anioe sijamwona akitaka kitu kwa moyo namna hii. Kashona kanzu mpya. Anaihutubia migomba nyuma ya nyumba akidhani simsikii.

Jina lake siliandiki. Kwetu mke hataji jina la mume, na mie miaka kumi na miwili sijalitaja, hata humu daftarini. Nje namwita yule wangu. Ndani namwita yule wangu, naye huitika.

Sasa neno lenyewe. Mwaka 1957, harusi ya Mwanabaraka, chumbani kwa bibi harusi. Tulikuwa wanawake kumi na wanne. Mie na furaha yangu, halua mdomoni, nikasema: “Yule wangu? Ukimtuma Gombani atafika Ole. Akisimama kasimama. Umkemee, usimkemee, anatikisa masikio tu.”

Tulicheka mpaka mtu akaangusha chetezo cha udi. Na ni kweli masikio yake hutikisika akiudhika. Si mie niliyeyatia.

Nani kampelekea Abrahman neno hilo? Sina haja ya kuuliza. Bi Mwanawema wa Gombani, mke wa mgombea wa chama kile kinachoshindana na chetu. Alikuwepo. Alicheka kuliko sote, mnafiki yule! Na sasa wanawake wa chama chao wamelifanya wimbo: “Tukimtuma Barazani, atafika wapi?”

Yule wangu kaniomba jambo moja tu. Nikiulizwa, nikiri kuwa nilisema, ni mzaha wa harusini, yaishe. Nikiri? Mie Mize? Mbele ya kijana wa Unguja mwenye kalamu mbili? Hasha! Nina mpango.

Ijumaa, 6 Januari.

Mpango: jino. Mgonjwa wa jino hahojiwi. Nikajaza karafuu shavuni mpaka macho yakatoka machozi, nikajifunga kitambaa. Abrahman akaja baada ya sala. Nikamwonesha shavu, nikaguna. Akasikitika sana. Nikaguna zaidi. Akaondoka. Ushindi!

Kabla karafuu hazijapoa mdomoni, karudi. Kaja na Bwana Ame, dresa wa hospitali, mng'oa meno, na koleo lake. Ati haifai mke wa mgombea kuachwa ateseke. Majirani wakajaa mlangoni. Mbele kabisa, Bi Mwanawema, na pole zake tele.

Ningefanya nini? Nikiri mbele ya Mwanawema kuwa siumwi? Afadhali kufa. Bwana Ame akauliza lipi. Nikaonesha la nyuma.

Limetoka. Zima, jeupe, halina hata doa. Bwana Ame akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema hajapata kuona jino zuri namna hii Pemba nzima. Bi Mwanawema akaomba alione na yeye.

Sikulia. Nataka ijulikane kwamba sikulia.

Jumapili, 8 Januari.

Bi Mwanawema kahojiwa. Kaulizwa kama amewahi kumsema vibaya mumewe. Kajibu ati mumewe ni taa ya nyumba na yeye ni utambi. Utambi! Mwanamke aliyemfungia mumewe nje na mvua ya masika kwa sababu ya samaki changu wawili! Hilo hakuulizwa. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Abrahman kaleta salamu. Jumanne atakuja, jino au si jino.

Nimekaa jikoni nikafikiri. Nilisema “yule wangu.” Sikutaja jina. Mwanamke mwenye adabu zake hataji. Basi yule wangu ni nani? Anakwenda asikotumwa. Akisimama kasimama. Anatikisa masikio.

Punda! Nilikuwa namsema punda! Hata kadhi hana pa kunishika!

Tatizo moja dogo. Hatuna punda. Tuna ng'ombe wa gari tu.

Jumatatu, 9 Januari.

Nimekwenda Ole kwa miguu, kwa Mzee Kificho, mwenye punda wa kubebea mihogo. Nikamwomba aniazime kwa siku moja. Akauliza abebe nini. Nikasema habebi kitu, anasimama tu. Mzee Kificho akasema nimepata. Ati punda wake ana adabu kuliko watoto wake wote saba. Anafahamu kulia, anafahamu kushoto, na hajapata kumbishia mtu.

Hapo mwenye akili ndogo angesita. Mie sikusita. Nimeahidi kumpelekea jogoo wangu mwekundu.

Yule wangu kaniona naingia na punda. Akauliza wa nini. Nikamjibu: siasa. Akanikumbusha taratibu kwamba aliniomba niseme kweli tu. Nikamwambia kweli haijapata kumpa mtu kiti. Masikio yakatikisika. Akaenda zake kwenye migomba.

Jumanne, 10 Januari.

Nimejitahidi. Liandikwe hilo kwanza.

Abrahman kafika asubuhi. Majirani nao. Bi Mwanawema kaja na mkeka wake, akatandika, akakaa! Abrahman akafungua kijitabu, akanisomea maneno yangu yote ya harusini, hata lile la masikio. Akauliza kama ni yangu. Nikasema ni yangu, na siyafuti hata moja. Watu wakaguna. Nikanyoosha mkono. Nikasema nilimkusudia yule pale, punda wetu, mkaidi wa kutupwa.

Abrahman akaomba, kwa heshima zote, amwone mkaidi huyo. Akamwambia punda aende mnazini. Punda akaenda mnazini. Akamwambia arudi. Akarudi. Akamwambia asimame. Akasimama, kichwa chini, kama yuko chuoni mbele ya mwalimu wake. Masikio hayakutikisika hata kidogo! Watu wakaanza kupiga makofi.

Nikasema leo ana haya, kaona wageni.

Abrahman akauliza jina lake. Toba! Jina sikuliandaa. Nikasema hana jina. Namwita yule wangu, basi. Abrahman akaandika, akatabasamu, akaomba nimwite asikie.

Nami nikaita. Kwa sauti, kwa kujiamini: “Yule wangu! Njoo hapa!”

Punda hakujongea.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka yule wangu, na kanzu yake mpya, karatasi ya hotuba mkononi, akaitika: “Naam, nakuja.”

Nikapiga kelele. “Si weye! Nimemwita punda!”

Sijapata kusikia watu wakicheka vile. Bi Mwanawema alilala chali kwenye mkeka. Abrahman alikuwa anaandika kwa kalamu zote mbili. Yule wangu kasimama katikati ya uwanja, kamtazama punda, kanitazama mie, karudi ndani. Hata masikio hayakutikisika.

Bado nasema mpango ulikuwa mzuri. Punda ndiye aliyeniangusha, kwa adabu zake.

Ijumaa, 13 Januari.

Gazeti limefika. Ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa: “AITWA PUNDA, AITIKA MGOMBEA.”

Chini yake maneno yangu, neno kwa neno. Hakuongeza hata nukta. Ndilo linaloniudhi, kwamba siwezi hata kumwita mwongo.

Nimekwenda mjini Chake kwa miguu, nimepita katikati ya soko kichwa juu. Mwuza samaki mmoja akalia kama punda. Nikanunua kwa mwenzake.

Yule wangu jana kahutubia Gombani. Wanasema alianza vizuri, akaeleza habari za barabara na skuli mpaka watu wakatulia. Akasema: “Ndugu zangu, mkinituma…” Hakumaliza. Uwanja mzima ukalia hii-haa.

Karudi, kala, kalala. Asubuhi nikamwita aje anywe chai. “Yule wangu!” Hakuitika. Nikaita tena. Yupo, namwona, kakaa barazani ananipa mgongo. Nikampelekea chai mwenyewe. Akashukuru. Mtu mzima anashukuru chai ya mkewe kama mgeni!

Jumanne, 17 Januari.

Kura. Mara ya kwanza sisi wanawake kupiga. Nilifika alfajiri, buibui jipya, mdomo nimeufunga kuficha pengo. Foleni imezunguka skuli. Nyuma yangu nani? Utambi. Akaniuliza kama nimemwacha punda salama. Nikamjibu salama, kamsalimu mumewe.

Kisha nikaingia peke yangu. Nikaona alama yake kwenye karatasi. Hapo hakuna aliyeniuliza nilisema nini zamani. Nikamtilia alama yule wangu, nzito, mpaka karatasi nusura itoboke.

Nilitaka kumwambia. Nimemwita tangu mlangoni. Hakuitika.

Alhamisi, 19 Januari.

Tumeshindwa. Kwa kura kumi na nne.

Nimehesabu waliokuwemo chumbani kwa Mwanabaraka. Kumi na wanne, pamoja na mie. Mie nilimpigia, kwa hiyo hesabu haitimii, na asiniambie mtu kwamba kosa ni langu.

Usiku nilimwambia hivyo. Nikamwambia kosa ni la Mwanawema, na Abrahman, na Mzee Kificho kwa kumlea punda wake vibaya. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha kasema, kwa sauti ya chini. Ati lile neno la harusini alilijua. Aliambiwa siku ya pili yake, mwaka ule ule, akacheka peke yake njiani, maana kweli alitumwa Gombani akafika Ole. Hata kuitika mbele ya mtu wa gazeti hakuona haya. Mtu akiitwa na mkewe huitika. Kilichomuuma ni pale nilipomwambia mbele ya watu kwamba sikumwita yeye.

Akasema miaka kumi na miwili alidhani lile ni jina lake. Sasa hajui.

Nikainuka, nikaosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. 

Jumapili, 22 Januari.

Leo siku ya kumi haitiki. Nyumba imekuwa baridi. Nimejaribu “wewe.” Nimejaribu “Bwana.” Nimejaribu kikohozi.

Leo adhuhuri nimesimama mlango wa jikoni. Hakuna mtu uani. Nimeangalia mara mbili, hata juu ya ukuta wa jirani. Nikafumba macho. Nikataja.

Silima.

Nimeliandika. Basi, limeandikwa, silifuti.

Kutoka kwenye migomba: “Naam.” Akaja. Akasimama mbele yangu, masikio yote mawili yanakwenda, na hakuwa ameudhika. Nikalia. Hilo nakiri. Kwa jino sikulia, kwa hili nimelia. Tukala pamoja, akanimegea minofu ya samaki.

Ningeishia hapo. Lakini alasiri Bwana Ame kapita na habari za Chake. Vyama vimelingana Unguja na Pemba, Serikali haiundiki, na inasemwa uchaguzi huenda ukarudiwa mwaka huu huu! Yule wangu atagombea tena. Na Abrahman, ati, ameshaapa kurudi kunihoji habari za punda.

Silima kasema safari hii tuseme kweli tu. Nikamwambia ndiyo.

Arudi huyo Abrahman! Simwogopi. Nitamwambia punda ilikuwa kosa la kalamu yake. Nilimkusudia ng'ombe. Naye anatikisa masikio, naye akisimama kasimama, na ng'ombe tunaye wa kwetu, si wa kuazima. Kilichotuponza mara ile ni mnyama kutokuwa na jina. Sasa atakuwa nalo, jina kamili, la mtu mzima. Na jina la kiume ninalojizoesha kulitaja ni moja tu.

Tangu alasiri niko bandani namfundisha ng'ombe kuliitikia. Ana kichwa kigumu. Kila nikiita, hutoka mtu mwingine ndani, na nimeshamwambia mara tatu atulie, asiniharibie mpango.