Mgonjwa wa Mazoezi Anaomba Cheo

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo jipya mlangoni mwa idara ya tiba. Nimelisoma mara tatu huku nikipiga deki palepale, sakafu ikang'aa mpaka nikajiona. Wanatafuta Naibu Mkuu wa Idara, upande wa elimu. Kazi: kuwaongoza wanafunzi wa udaktari, kuwapangia mafunzo, kusimamia mitihani. Sikushtuka. Halafu mstari wa mwisho: likizo siku arobaini kwa mwaka. Ndoo ikaniponyoka.

Mimi mfagiaji napewa siku saba. Kufika kwetu siku tatu, kurudi tatu. Inabaki moja ya kusalimiana na kuagana. Kwa hiyo mwaka wa nne huu sijaenda. Jana mke wangu kanisimulia kwamba kitindamimba wetu ameuliza kama baba ni mtu au ni simu.

Nimeamua. Naomba.

Jumanne, 4 Machi
Nimejipima kwa haki. Shule niliishia darasa la saba. Lakini nani huwaonyesha wanafunzi wapya wodi ilipo? Nani huwatonya Profesa, mama mkuu wa idara, ameamka vipi? Nani hulala kitandani kama mgonjwa wa mazoezi, akibonyezwa tumbo na mikono ya baridi hadi wajue kubonyeza? Mimi. Hiyo nayo ni elimu.

Kosa langu ni kumwambia Mifupa, mtunza chumba cha mifupa ya kufundishia. Alicheka hadi akashikilia fuvu lisianguke. Akasema, "Deki, ndugu yangu, wewe wakikupa unaibu, huyu hapa wampe uprofesa. Yeye angalau anajua kunyamaza." Akaniuliza ushahidi wa uongozi wangu nitautoa wapi.

Swali zuri. Sikumshukuru.

Jumatano, 5 Machi
Ushahidi upo. Keshokutwa wana mtihani, na mgonjwa ni mimi. Profesa amenipa kadi niikariri: maumivu chini ya tumbo, upande wa kulia, homa, kichefuchefu. Nyuma ya kadi, kwa penseli: kidole tumbo. Sasa, wanafunzi kumi na watatu wakifaulu wote kwa mpigo, nani atakuwa amewaongoza?

Mchana nikawakusanya kwenye stoo ya mifagio. Somo fupi: andikeni kidole tumbo. Binti mwenye miwani akauliza, "Mjomba, sasa ndiyo tusikupime?" Nikamjibu apime tu, kwa adabu.

Nimefundisha vizuri. Sauti ilitoka yenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Shuka safi. Jua la asubuhi miguuni. Dari ina doa la maji, refu, limepinda kama njia ya kwetu inayopanda nyumbani. Kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia nilikuwa nimeshaipanda ile njia. Polepole, begi begani, vumbi laini chini ya viatu. Mtoto akatoka mlangoni mbio, akaniparamia, nikambeba kiunoni upande wa kushoto. Alikuwa mzito kuliko sauti yake.

Kila mwanafunzi aliniuliza panauma wapi. Nilionyesha pale alipokaa mtoto.

Wote kumi na watatu wakaandika kidole tumbo. Binti mwenye miwani alisita, akanitazama kwa huruma, naye akaandika.

Profesa alikuwa nyuma ya kioo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeitwa. Profesa hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliuliza taratibu imekuwaje watu kumi na watatu wasikie maumivu ya kushoto, wakaona kidole tumbo, ambacho kiko kulia. Nikasema labda wamefunzwa vizuri. Akasubiri. Nikakiri.

Mtihani utarudiwa. Ugonjwa nimevuliwa, amepewa Mifupa. Hilo limenichoma.

Akasema kiongozi wa elimu si mtu wa kugawa majibu. Ni mtu anayeweza kukaa kimya wakati mwanafunzi anahangaika kutafuta. Kisha akataka kujua nilikuwa nahangaikia nini mimi. Nikamweleza habari za mtoto. Akauliza kama najua kwamba siku za likizo ambazo mtu hakuzichukua zinajikusanya. Miaka minne, siku saba saba: ishirini na nane.

Hakuna aliyewahi kuniambia. Wala sikuwahi kuuliza.

Akanipa fomu. "Ijaze, baba. Kesho naitia sahihi, Ijumaa uko safarini. Ila andika ukweli tu."

Jumanne, 11 Machi
Nimejaza. Jina, barabara. Miaka ya kazi, barabara. Halafu: Cheo. Kalamu ikasimama. Mfagiaji apewe siku ishirini na nane, kweli? Nikaiona fomu inapita meza kwa meza, watu wazima wanaguna. Nikaandika, kwa mwandiko wa kulala: Kaimu Naibu Mkuu wa Idara, Elimu.

Bi Karani aliisoma bila kucheka. Akasema likizo za viongozi hazisainiwi na Profesa, zinapelekwa kwenye baraza, na baraza linakaa Agosti. Akasema fomu tupu zipo, nikitaka kubadilisha kile cheo ni dakika moja tu.

Nilifikiri ile dakika yote. Nikamwambia apeleke.

Nimempigia mke wangu: Agosti. Akaniuliza amwambie nini mtoto. Nimesema amwambie baba ni kiongozi, ana shughuli.

Jioni nimepiga deki ukumbi wa baraza. Viti tisa, wajumbe wanane. Hicho kimoja nimekifuta vumbi mara mbili, nikakikalia kidogo. Kinanitosha.