Siku Juvénal wa Isipingo Alipopunguza Namba

Jongeeni, enyi msukao na enyi msukwao, nanyi mnaongoja taksi pale Isipingo, pembeni mwa Durban, na mifuko yenu mizito. Tueni mizigo, fungeni midomo, mnisikilize! Sisimulii vita vya wafalme. Nasimulia vita vya Juvénal mwana wa Bisibisi, fundi wa simu na kompyuta, mwenye meza kwenye kona ya saluni ya Colette. Asiyeamini na ajue kwamba nilikuwepo, nimekaa kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu iko wazi kama shamba lililotelekezwa, maana msusi wangu, Colette mwenyewe, alikuwa ametupa kitana na kuanza kulia.

Alilia nini? Huko kwao Uvira mama yake alikuwa anatimiza miaka themanini Jumamosi ileile. Majirani walishaalikwa, televisheni ilishaazimwa, na saa kumi jioni bibi yule angeoneshwa video ya wajukuu zake saba waliozaliwa Durban, ambao hajapata kuwatia machoni hata mmoja. Vipande vya video vilikuwa ndani ya kompyuta ya Juvénal, vikiunganishwa viwe kitu kimoja. Kila vilipofika asilimia sabini, kioo kiligeuka bluu na mashine ikazima. Mara nne tangu asubuhi!

"Papa Juvénal," Colette akasema, "maman iko anangoja. Nitamwambia nini?"

Juvénal akasimama, akaweka mkono kifuani, akanena: "Dada, futa machozi! Adui nimemtambua kwa jina lake. Ni RAM, vile vibao vyembamba ambamo kompyuta hushikilia kazi iliyo mkononi. Vimechafuka. Leo hii, kati yangu na vyenyewe, mmoja atalala chini!"

"Fanya basi. Hotuba baadaye."

Ndipo shujaa alipoingia uwanjani. Akaufungua ubavu wa mashine, akachomoa vibao viwili, akasugua meno ya vibao kwa kifutio cha shule, akapuliza, akavirudisha. Bluu. Akaacha kimoja peke yake, akakipima kumbukumbu: makosa mekundu yakamiminika. Akakitoa, akaweka ndugu yake: makosa vilevile. Jasho likamtoka, likailowesha kola aliyoipiga pasi kwa mbwembwe, nasi wateja tukaacha kusengenya, jambo ambalo saluni ile haikuwahi kuliona.

"Vimekufa vyote viwili," akatangaza kwa sauti ya msiba. "Vimekufa pamoja, kama askari wa kikosi kimoja!"

Hapo akainuka Bibi Ameena wa mtaa wa Chatsworth, aliyekuja kubadilishiwa kioo cha simu akasahauliwa tangu saa nne. "Mwanangu," akasema, "vitu viwili haviharibiki siku moja bila mkono wa mtu. Mashine yako ilianza lini vituko?"

Sote tulijua. Jumapili iliyopita Juvénal alisimama kanisani wakati wa ushuhuda, maikrofoni mkononi, akatangaza kwamba Bwana amemfunulia namba za kasi zilizofichika ndani ya kompyuta, naye amezipandisha, na sasa prosesa, ule ubongo wa mashine, inakimbia kuliko ilivyotoka kiwandani. Kwaya iliimba. Mimi mwenyewe nilivua viatu nikacheza. Na wiki nzima mashine ilipokuwa ikizimazima, alisema ni shetani, anachukia ushuhuda.

"Tangu... nipandishe namba," Juvénal akasema chinichini.

"Basi zirudishe."

"Nipunguze? Mimi? Bibi, watu waliimba! Mtu aliyeinuliwa mbele ya kanisa anajishushaje mwenyewe mchana kweupe? Nitapita wapi?"

Colette alichukua simu, akaanza kutafuta jina la mama yake, ili aseme hakuna video. Jina likatokea kiooni: Maman. Juvénal akaliona lile jina, akavuta kiti mbele ya mashine.

"Weka simu chini, dada," akasema.

Akaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, akazishusha namba moja baada ya nyingine, na kila iliposhuka, mabega yake nayo yalishuka. Kumbe katika kompyuta ile prosesa na RAM zimefungwa kamba moja: ukiihimiza ya kwanza, ya pili inakokotwa mpaka inaangusha ilichobeba. Akapima tena. Hakuna kosa hata moja. Eish! Video ikaanza kuunganishwa, polepole, kama mama mjamzito anayepanda ngazi. Ikafika sabini. Hakuna aliyepumua. Sabini na moja! Tukapiga yowe hadi madereva wa taksi wakachungulia.

Saa kumi, video ikiwa imeshatumwa Uvira, tulimwona bibi yule kwenye simu ya Colette, amevaa kitenge kipya, amekaa mbele ya televisheni. Kila mjukuu aliposalimia, alimjibu: "Ndiyo, mwanangu. Na wewe umekula?" Kisha anangoja ajibiwe. Colette alilia upya, mimi nikamsaidia. Video ilipoisha bibi akasema, "Rudisheni."

Colette akamvuta Juvénal kwa kola. "Maman, fundi ni huyu."

"Ubarikiwe, baba. Ulifanya nini hata nikawaona?"

Mtu yule wa hotuba akainyoosha kola yake. "Nilipunguza tu, mama," akasema.

Na iandikwe, isomwe Isipingo na Uvira, vizazi na vizazi: Jumamosi ile alipunguza, na watoto saba wakamfikia bibi yao.