Injini ya Mama Mkwe

Fundi Maneno aliiona siku alipokwenda kumsalimu mama mkwe wake: injini kuukuu ya pikipiki, imewekwa kuzuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo. Akameza mate. Mjini palikuwa na wakili mmoja, kichaa wa pikipiki za zamani, na wiki ile ile alikuwa akiulizia injini. (Jina hilo la Fundi Maneno, nikuambie mapema, alipewa na mafundi wa kweli, waliomwona akishika spana kichwa chini.)

"Mama, chuma hiki kinakujazia kutu ndani. Nikuondolee?"

"Ya marehemu hiyo, baba. Ukiitaka, niachie pikipiki yako."

Loo! Na mama mkwe habishaniwi bei. Akaacha pikipiki, riziki yake yote, akaondoka na injini begani huku oili chafu ikimtiririka mgongoni.

Umri wa injini husomwa kwenye namba iliyogongwa ubavuni. Fundi Maneno alijua hilo, na alijua pia kwamba kitu kikiwa cha zamani zaidi, bei zaidi. Elimu yake iliishia hapo. Akaisugua ile namba kwa tupa mpaka ikapotea, akagonga nyingine, akaizeesha injini miaka ishirini kwa mchana mmoja. Hayo ndiyo maendeleo.

Kesho yake wakili akavaa miwani. "Modeli gani?"

"Ya kwanza kabisa, mheshimiwa. Babu wa pikipiki zote."

"Kwa namba hii, bwana, ni ya mwaka ambao kiwanda kilikuwa bado kinatengeneza cherehani."

"Basi itakuwa waliijaribu kwanza kwenye cherehani."

Wakili hakucheka. Alikuwa akipapasa mapezi ya kupozea injini. "Umbo ndilo hasa ninalolitafuta. Laiti ingekuwa na namba hii." Akamwonyesha namba kwenye shingo ya fremu iliyotundikwa ukutani. "Fremu na injini hizi zilitoka kiwandani na namba moja. Atakayeniletea injini mwenzake na hii, gari langu lile pale ni lake, na funguo."

Fundi Maneno akasoma, akarudia kusoma. Ilikuwa namba ile ile aliyoisugua jana.

"Ndiyo hii! Haki ya Mungu, ndiyo hii hii! Nimeifuta mimi mwenyewe!"

Ndiyo mara yake ya kwanza kusema ukweli maishani, maskini, na hakuwa na uzoefu.

"Kila tapeli akishaiona fremu," wakili akasema akimfungulia mlango, "injini yake huwa ndiyo hiyo hiyo."

Akarudi kwa mama mkwe, bega limevimba.

"Shikamoo, mama. Roho imenisuta. Chukua kumbukumbu ya marehemu, nipe pikipiki yangu."

Mama mkwe akainama, akapitisha kidole ubavuni mwa injini.

"Hii si ya mume wangu. Namba ya ile naijua, nimeifuta vumbi miaka nenda miaka rudi."

"Mama, ni yenyewe! Nakuapia!"

"Usiniapie, baba. Nenda kailete ya marehemu huko ulikoiacha. Pikipiki yako itakungoja."