Mama Yangu Si Kasiksi

Uvira, Kavimvira, Jumanne baada ya masomo

Kwa Mheshimiwa Rais wa Juri ya Mashindano ya Pombe za Kwetu,
ambaye pia ni mjomba wangu Toussaint

Mheshimiwa Mjomba,

Kabla sijafika kwenye malalamiko, naona ni adabu nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri katika kitubio: mimi naonja pombe. Nyuma ya kamusi yangu ya Kifaransa kuna kijiko. Mama akienda kutafuta kuni, nachota kidogo katika kila pipa, nazungusha mdomoni, nasikiliza, halafu natema kwenye majivu. Sijawahi kulewa. Wewe mwenyewe unajua mimi ni mtoto wa namna gani: mwalimu akiniuliza jina langu, naangalia viatu. Lakini ulimi wangu hauna haya. Unaniambia kama ndizi zilikatwa mapema, kama mtama ulikaangwa kwa haraka, kama pipa liliachwa wazi na mbu wakatangulia wateja.

Sikukitafuta kipaji hicho. Ziwa lilipopanda na kukila kibanda chetu cha ufukweni, mapipa ya mama yalihamia chumbani mwangu, na wateja wakayafuata mapipa. Niko mwaka wa sita, najitayarisha kwa mtihani wa Serikali, na kila jioni nasoma filozofia katikati ya wanaume wanaobishana juu ya mpira. Nikilala, miguu yangu inagusa pipa la bluu. Kwa hiyo ulipotangaza kwamba mshindi atapewa kibanda kipya cha bati pale sokoni, nilisali kuliko mama. Yeye alitaka kibanda. Mimi nilitaka kitanda changu.

Nakukumbusha yaliyopita, kwa kuwa wewe ulikuwa umekaa mbele na huenda hukuyaona vizuri. Yule Mbelgiji anayepika pombe nyumbani kwake, huko kwao, alikuja kuwafundisha juri, yaani nyinyi waamuzi, namna ya kuonja na kulinganisha. Aliongea Kifaransa cha mbio. Wewe ulimjibu "oui, oui, tout à fait", ndiyo, ndiyo, kabisa, hata pale alipouliza choo kiko wapi. Kisha akabandika ukutani karatasi yenye maneno manne, ROBE, NEZ, BOUCHE, CORPS, kila neno na alama zake kumi. Tumbo likamsokota, akavuka kwenda Bujumbura kabla ya mashindano. Tukabaki sisi na maneno manne.

Sasa malalamiko yangu, kwa heshima zote:

1. Kuhusu ROBE. Mjomba, robe ya pombe ni rangi yake unapoiinua kwenye mwanga. Hapa kwetu robe ni nguo ya mwanamke, najua, hata mimi ninayo moja. Lakini nilishangaa kukusikia ukimwambia mama, dada yako wa tumbo moja: "Geuka kidogo, Mama Laurette, tuone na nyuma." Mama aligeuka. Alidhani unatafuta mdudu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kazi chenye madoa, kwa sababu alikuja kuonyesha kasiksi, pombe ya ndizi, hakuja kuolewa. Ukampa mbili. Na kasiksi yenyewe ilikuwa pale kikombeni, ina rangi ya mto Ruzizi ukishuka na mvua, na hakuna aliyeiangalia. Jirani yetu Mama Jolie alikuja na robe ya shanga aliyoshona kwa harusi ya mdogo wake. Ukampa kumi na kusema mbele ya watu wote: "Hiyo sasa ndiyo pombe!"

2. Kuhusu NEZ. Neno ni pua, lakini maana yake ni harufu ya pombe. Mama yangu siku ile alikuwa na mafua. Alipiga chafya, akaomba samahani. Papa Vainqueur, kiongozi wa kwaya na juri wako wa pili, akampa tatu, akaandika pembeni kwa huruma: "Apone." Mama Inamahoro, aliyevuka mpaka na impeke yake, pombe ya mtama, alipewa nane kwa sababu pua yake ilikuwa kavu. Hakuna aliyeinamia chungu chake. Impeke ile, Mjomba, inanukia mkate unaotoka motoni na udongo uliopata mvua ya kwanza. Nilisimama upande wa upepo nikaisikia mpaka machozi yakanilenga. Pombe ya asali kutoka Bijombo inanukia moshi wa mizinga na baridi ya mlimani. Ile ya mahindi kutoka Lubarika inanuka uji ulioanza kukasirika, na hapo naisifu. Hayo ndiyo mambo ya kuandika. Mafua yaachiwe wauguzi.

3. Kuhusu BOUCHE. Hiyo ni ladha pombe inapofika mdomoni, lakini Papa Vainqueur alisikia mdomo tu, akawaambia washindani waonyeshe bouche. Mama Jolie akaimba beti mbili, sauti ya juu kabisa, mpaka watoto wa jirani wakaitikia. Mama yangu ni mtu kama mimi. Alisema tu: "Minye sina maneno mingi. Pombe iko pale, munywe." Watu wakacheka. Akapata moja. Naomba iandikwe mahali fulani kwamba neno "munywe" ndilo agizo la maana pekee lililotolewa siku nzima.

4. Kuhusu CORPS naandika kwa shida. Corps ni mwili, na kwa pombe ni uzito wake mdomoni. Kuna pombe nzito inayokaa kama uji, na kuna nyepesi inayopita kama chai ya mgeni asiyetakiwa. Nyinyi mlimtazama mama kuanzia kilemba mpaka kandambili, mkanong'onezana, nikakusikia ukisema: "Huyu tangu utoto iko hivi hivi, hata ale namna gani." Mkampa tatu, na Papa Vainqueur akasema hata hizo ni za undugu.

Hapo ndipo Mzee Mahamudi alipoweka kalamu chini. Unajua, na kama hujui nakuambia, kwamba yule mzee hanywi pombe. Dini yake imemkataza. Alikuja kwa sababu ndiye aliyetukodisha viti. Mtangazaji alisema kwenye mikro, "Tumkaribishe na mwenye viti," watu wakasikia mwenyekiti, wakapiga makofi, na yeye kwa adabu yake hakutaka kuyaharibu makofi ya watu. Akakalishwa katikati yenu. Lakini alipofika kwenye corps alisema: "Mimi nimekuja kulinda viti vyangu. Sikuja kupima wake za watu." Mjomba, katika juri yako yote, aliyejua kazi yake inaishia wapi ni yule asiyeonja.

5. Kuhusu Mama Jolie mwenyewe, nasikitika kusema kwamba ni mpelelezi. Ijumaa, kabla ya mashindano, alikuja kwetu na bidoni mbili tupu, madumu ya plastiki, akasema anaomba maji. Robine, bomba la maji, iko mbele ya mlango wake! Mama akanituma dukani kuleta chumvi, na chumvi ilikuwepo. Niliporudi nilimkuta Mama Jolie anatoka na bidoni zake, amelemewa, ananikwepa macho. Nina hakika alikuja kuiba namna mama anavyokaanga mtama wa kutia katika kasiksi.

Hata wizi huo haukuisaidia pombe yake. Mlipotangaza kwamba ameshinda, niliinyemelea meza yake na kijiko changu, nikaonja mabaki ya zile glasi zenye mguu alizowapa nyinyi juri. Nasema kama mwonjaji, bila wivu: ni maji ya ndizi yaliyovaa shanga. Utamu wake unakimbilia mbele kama mtu anayetaka kupigwa picha. Katikati hamna kitu. Mwisho wake unadanganya. Nikarudi kwenye kikombe cha plastiki cha mama. Hapo unakutana kwanza na ndizi iliyoivia chini ya majani, halafu moshi, halafu mtama unaobaki ulimini kama mgeni anayeaga na bado amekaa. Ni pombe mbili ambazo hazijawahi hata kusalimiana. Mtoto mdogo angejua tofauti. Hata pipa lenyewe lingejua.

6. Lalamiko hili sijui nimpelekee nani. Ulipomwambia mama ageuke, niliinua mkono. Sentensi nilikuwa nayo tayari, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, zote mbili zimenyooka. Mkono ulifika begani. Uliponitazama, nikaugeuza nikajikuna kichwa. Wewe ukasema, "Mbu ni wengi leo," na mashindano yakaendelea. Tangu siku ile sentensi hizo mbili zinalala pamoja nami na mapipa, na chumba ni kidogo.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

Matokeo yafutwe, na kibanda apewe mama yangu.

Kama hilo ni gumu, juri ionje upya ikiwa imefungwa vitambaa machoni, na wapika pombe wakae nyuma ya turubai bila kukohoa, kuimba wala kuwa na umbo lolote.

Na kama hilo nalo ni gumu, basi Rais wa Juri achaguliwe kwa maneno yale yale manne. Ili kukupunguzia kazi, nimekwisha kukupima. Robe: koti la harusi yako, ambalo vifungo vyake havionani tena na matundu yao. Nne. Nez: mkeo, Tantine Fabiola, anasema unapolala mbwa wa jirani wanaitikia. Tano, kwa nguvu. Bouche: "oui, oui, tout à fait." Moja. Corps: kumi kwa kumi, Mjomba, hongera, hapo huna mpinzani kuanzia hapa mpaka Bukavu.

Nisipopata jibu, nitalazimika kumwandikia yule Mbelgiji, kwa Kifaransa kizuri, nimweleze kwamba hapa Uvira tulionja wamama wote mpaka mwisho na pombe ikabaki.

Nasikia kandambili za mama uani. Siku zote nikizisikia, karatasi inaingia chini ya godoro na kijiko kinarudi nyuma ya kamusi. Leo siifichi. Ameshatua kuni. Amefika mlangoni. Naendelea kuandika, na kijiko kiko hapa juu ya meza, mahali ambapo hata mwenye mafua atakiona.

Nisalimie Tantine Fabiola na watoto, na yule jogoo wako anayewika kabla ya msikiti. Nisalimie Papa Vainqueur, umwambie mama amepona. Ukikutana na Mzee Mahamudi mwambie viti vyake vyote vilirudi salama, nilivipangusa mwenyewe.

Nabaki mpwa wako mwenye heshima nyingi na hasira ya kiasi,

Laurette

N.B. Mjomba, mama amesoma barua. Aliisoma amesimama, akafika kwenye bidoni, akakaa kitandani, akacheka mpaka mafua yakarudi. Inanipasa niongeze mistari michache.

Siku ile ya Ijumaa Mama Jolie hakuja kuomba maji. Kasiksi yake ilikuwa imegeuka siki yote, akaja analia. Mama akasema mwanamke hawezi kusimama mbele ya watu na siki, akanituma chumvi, na bidoni zote mbili zikajazwa hapa hapa, katika pipa la bluu. Lile linalogusa miguu yangu. Wakapatana kwamba atakayeshinda, kibanda ni cha wote wawili: Mama Jolie ana robe na sauti ya kuita wateja, mama ana mikono. Kwa hiyo glasi yenye mguu na kikombe cha plastiki vilikuwa na pombe moja, ya pipa moja. Na maji ya ndizi yaliyovaa shanga, yenye mwisho unaodanganya, niliyoyaeleza hapo juu kwa ufundi mkubwa, ni kasiksi ya mama yangu.

Nilitaka kuikata sehemu hiyo. Mama amenikataza. Amesema: "Acha, asome. Weye nawe unaonja na macho, sawasawa na mujomba wako."

Kwa sababu hiyo naomba matokeo YASIFUTWE. Jumamosi utuletee watu wenye nguvu waje kubeba mapipa kwenda sokoni, na uje na wewe, tena bila koti. Kijiko mama amekichukua. Amesema alikuwa anakijua siku zote, maana ndiye anayezoa majivu, na hajawahi kuona majivu yanayonuka ndizi. Anakipeleka kibandani. Amesema nikishamaliza mtihani nikifuate huko, nionje mbele ya watu, na nitakachosema nikiseme kwa sauti.

Hilo la mwisho, Mjomba, ndilo lalamiko langu la saba.