Gurudumu la Kushoto

Siku ile Digrii hakuwa na haraka, na mtu wa aina yake akikosa haraka, wenye mali waanze kuziangalia mali zao. Alikuwa amekaa barazani kwa mafundi cherehani, shuka la kuazimwa kiunoni, akisubiri suruali yake ipunguzwe urefu. Jina la Digrii alipewa na mtaa kwa sababu kila sentensi yake ya pili ilitaja shahada zake, ambazo hadi leo hakuna aliyeziona, hata mama yake mzazi.

Baraza lile lina mafundi sita na cherehani sita, zote za chuma, nyeusi, nzito kama deni la ukoo. Digrii aliziangalia, akakumbuka hoteli moja aliyokuwa amepita juzi kunywa maji ya bure. Pale mapokezi waliweka cherehani kama hizo chini ya taa, iwe pambo. Alimuuliza mpambaji wa hoteli bei yake, alipotajiwa akatafuta kiti.

"Mama, mashine yako hii ina miaka mingapi?" alimuuliza fundi aliyeshika suruali yake, mwanamke ambaye baraza zima humwita Mama Vifungo.

"Ni mkubwa wangu huyo. Marehemu mama aliinunua kabla sijazaliwa. Imenisomesha mimi, sasa inasomesha wanangu."

"Hujafikiria kuiuza?"

"Wewe ulishafikiria kuuza mkono?"

Mwizi wa kawaida angevaa suruali yake akaenda zake. Lakini Digrii, Mungu amsamehe, alikuwa na kipaji. Alijua kwamba mtu asiyetaka kuuza kitu chake unaweza kumfanya akiogope, na kitu cha kuogopwa hutolewa bure, pengine na nauli juu.

Akaenda kwenye duka la kompyuta, akalipia saa tatu, akatengeneza tovuti. Hekima yake ilikuwa moja tu, lakini ilikuwa imemlisha miaka: jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika, anayeliandika kwanza ndiye mtaalamu wake. Akaandika kwa herufi kubwa, "Sumu ya Cherehani za Chuma," na chini yake, "Taasisi ya Usalama wa Mafundi." Rangi nyeusi ya zamani, alieleza, hutoa mvuke unaoingia kupitia ncha za vidole. Dalili zake ni mgongo kuuma, macho kuchoka, na kusahau ulipoweka mkasi. Nionyeshe fundi aliyepita miaka arobaini asiye na dalili hizo, nami nitakuonyesha maiti.

Juu kabisa aliweka picha ya mwanamume mbele ya cherehani, mkono kiunoni, uso umekunjamana kwa maumivu. Aliichukua mahali mtandaoni. Na kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba picha ya wizi huweza kufuatiliwa, akaigeuza, kulia ikawa kushoto na kushoto ikawa kulia. Akajisifu kwa sauti, peke yake.

Wiki iliyofuata alirudi barazani na koti jeupe, glovu, na mkokoteni. Hakumwomba mtu amwamini. Hapo ndipo utamjua bingwa.

"Ndugu zangu, msiniamini mimi," alisema. "Mimi ni nani? Simu si mnazo? Andikeni wenyewe 'sumu ya cherehani' muone."

Wakaandika. Ikaja moja, ya kwanza, peke yake juu kabisa, na picha ya yule baba mgonjwa. Mafundi watano wakatazamana, wakaanza kujipapasa migongo.

Mama Vifungo hakuwepo. Alikwenda kununua nyuzi kwa bei ya jumla, akamwachia mumewe nafasi yake. Mumewe ni dereva mstaafu, mtu mwema asiye na kosa ila moja: kitu kikishaandikwa, kwake ni kweli, na kikipigwa muhuri ni kweli zaidi. Akaisoma tovuti mara mbili. Mgongo ukaanza kumuuma, naye tangu azaliwe hajawahi kushona hata kifungo. Akasaini fomu ya kukabidhi mashine, kama walivyosaini wale watano, akalipa ada ya uteketezaji, tena akasaidia kuipakia.

Mama Vifungo aliporudi alikuta alama nne za miguu ya cherehani kwenye saruji.

"Baba Watoto, mashine iko wapi?"

"Mke wangu, kaa kwanza."

"Nimekuuliza mashine, hujaniuliza kiti."

"Nimekuokoa," alisema mumewe, akampa simu asome.

Alisoma mpaka mwisho. Pembeni kulikuwa na rundo la sare za shule alizokwisha kukata, thelathini na mbili, za kukabidhiwa kabla shule hazijafunguliwa Jumatatu ya wiki ya tatu kuanzia hiyo. Malipo ya mwanzo alishayala, na karo ya wanawe ilikuwa ndani ya sare hizo. Lakini kilichomliza hakikuwa sare. Mama yake alimfundisha kushona kwenye mashine ile akiwa hajafikia pedali, mama anakanyaga na yeye anaongoza kitambaa. Alilia pale pale barazani bila kujificha. Mumewe akabaki ameshika kofia, hajui aiweke wapi.

Sasa, Digrii alifanya hesabu zake zote vizuri ila moja. Hakujua kwamba kila Alhamisi mchana Mama Vifungo huenda maktaba, kwenye darasa la kutafuta mambo mtandaoni. Alijiandikisha ili apate mitindo ya kola. Anayelifundisha ni mkutubi, mama mwembamba mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba, asiyeamini kitu hata akikiandika yeye mwenyewe.

"Uliuliza vipi?" mkutubi aliuliza alipoonyeshwa tovuti.

"Niliandika 'sumu ya cherehani', mwalimu."

"Basi ukaletewa sumu. Swali lililobeba jibu lake hurudi na jibu hilo hilo. Hebu andika tu cherehani za zamani, rangi, afya."

Yakaja mambo mengi: namna ya kupaka mafuta, namna ya kukaa ili mgongo usiume, bei za vipuri. Sumu hakuna.

"Sasa tuulize mengine. Aliyeandika ni nani?"

"Taasisi."

"Taasisi ina mlango? Ina jina la mtu hata mmoja?"

Wakapekua. Palikuwa na namba ya simu tu, ile ile iliyokuwa kwenye risiti ya mumewe. Mkutubi akaangalia tovuti ilianza lini. Ilikuwa na siku kumi na moja.

"Dada, jambo linaua mafundi dunia nzima, na anayelijua ni mtu mmoja wa siku kumi na moja. Wengine wote wamenyamaza?"

Mama Vifungo alisogeza uso karibu na picha. Barazani kwao nguo haisifiwi kabla ya kugeuzwa ndani nje, mshono uonekane, na yeye alikuwa anaikodolea macho ile picha kwa namna hiyo hiyo.

"Gurudumu liko kushoto," alisema.

"Nini?"

"Gurudumu la cherehani linakaa kulia. Hili liko kushoto. Na tazama shati la huyu baba, vifungo viko upande wa blauzi."

Mkutubi akaivaa miwani. Akaigeuza picha, kisha akaitafuta mtandaoni kama ilivyokuwa mwanzo. Yule baba mgonjwa akatokea mara moja, mzima wa afya njema, kwenye tangazo la magodoro. Picha ya kwanza ameshika kiuno, ya pili amelala anatabasamu. Mkutubi alicheka hadi wasomaji wa chumba cha pili wakamwambia "shii," jambo ambalo halijawahi kumpata mkutubi yeyote.

"Twende polisi," alisema akifuta machozi.

"Tutaenda. Lakini tukianza na polisi, mashine zitakuwa ushahidi, zitakaa huko mpaka kesi iishe. Mimi nina sare thelathini na mbili. Mwalimu, huyu mtu naye si hutafuta mambo mtandaoni?"

"Hutafuta."

"Anaulizaje?"

Mkutubi akavua miwani. "Kama anavyotaka kujibiwa."

Basi Ijumaa ikazaliwa tovuti nyingine. "Tunanunua Cherehani za Zamani kwa Bei Kubwa Kuliko Wote." Jumba la Hifadhi ya Cherehani. Bei iliyotajwa ilikuwa mara tatu ya ile ya hoteli. Masharti yalikuwa machache tu: mashine ziwe sita, zisafishwe, zitiwe mafuta, zifungwe mikanda mipya, na zifikishwe Alhamisi saa nane mchana, ukumbi wa nyuma ya maktaba. Jina la mtu halikuwekwa. Mkutubi alipotaka kuweka picha nzuri ya cherehani, Mama Vifungo alimshika mkono.

"Igeuze," alisema. "Gurudumu likae kushoto. Alitupa nafasi ya kumgundua, na sisi tumpe yake."

Ikabaki kumfikishia habari. Kwa kazi hiyo Mama Vifungo alimchagua mumewe, na hakumwambia kitu. Alimwachia simu mezani, tovuti ikiwa wazi, akaenda kuosha vyombo. Mtu asiyejua kwamba anadanganya hudanganya vizuri kuliko mabingwa wote. Kabla sahani ya tatu haijakauka, mumewe alikuwa anampigia Digrii.

"Mtaalamu, usiziteketeze! Kuna watu wanazihitaji, andika tu 'wanaonunua cherehani za zamani kwa bei kubwa'. Ila ndugu yangu, uwaambie wavae glovu."

Digrii alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaandika maneno yale yale. Ikaja ya kwanza, peke yake, juu kabisa. Aliiona bei, na kuanzia hapo hakuona kitu kingine. Mpambaji wa hoteli, aliyekuwa azichukue Jumatano, aliambiwa mzigo umepata mwenyewe. Fundi wa mashine akaitwa, akasafisha, akatia mafuta, akafunga mikanda mipya sita. Digrii alilipa yote bila kuomba apunguziwe, kitu kilichomtia fundi wasiwasi usiku kucha.

Alhamisi saa nane kasorobo mkokoteni ulikuwa mlangoni. Digrii alivaa tai. Ukumbini alimkuta mkutubi mezani, na nyuma yake wapimaji sita wamesimama, wote na makoti, glovu, na barakoa mpaka chini ya macho.

"Mbona barakoa?" aliuliza.

"Kuna taasisi moja imeandika kwamba mashine hizi zina sumu," alisema mkutubi. "Wewe hukuiona?"

Digrii alipiga hesabu haraka. Akisema ni uongo, amejisema. Akisema ni kweli, anauza sumu.

"Ipo... ipo kidogo," alisema. "Lakini hizi nimezitoa sumu."

"Ahsante sana. Saini hapa ya kukabidhi, halafu wapimaji wazijaribu."

Alisaini mara sita, mbio mbio, macho yakitafuta bahasha. Wapimaji wakaketi. La ajabu ni kwamba hakuna aliyechagua. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye mashine yake. Mmoja alipofika kwenye ile ya mwisho aliweka kiganja juu yake. Kisha akakanyaga pedali. Mashine ikaanza kwenda, laini, bila ule mlio wake wa miaka yote.

"Nani kaweka mkanda huu?" aliuliza mpimaji. "Kazi nzuri."

Digrii aliijua ile sauti. Barakoa zikashuka, moja baada ya nyingine. Mkutubi akamsogezea nakala ya alichosaini. Ilikuwa fomu yake mwenyewe, neno kwa neno: mimi niliyesaini nakabidhi mashine hii kwa hiari yangu na sitaidai tena.

"Ada ulizotutoza tumeziacha ziwe za mafuta na mikanda," alisema Mama Vifungo. "Hatudaiani. Polisi tumewaambia waje saa nane na nusu, sasa ni nane na robo. Una muda wa kutosha kama hutaanza hotuba."

Digrii hakuanza hotuba. Lakini mlangoni alisimama, kwa sababu hata mwongo ana heshima yake ya kazi, na ilikuwa inamuuma.

"Mlijuaje?"

"Picha yako. Gurudumu liko kushoto."

Alitoa simu, akaitazama picha ya yule baba. Ndipo, polepole, akafungua tovuti ya Jumba la Hifadhi, akatazama picha ya kule.

"Tulikuwekea na wewe," alisema Mama Vifungo. "Hukuangalia."

Akaondoka kwa miguu, haraka, na mwenye mkokoteni nyuma yake akidai chake.

Sare ya thelathini na mbili ilitiwa kifungo cha mwisho Jumapili jioni. Mume wa Mama Vifungo, aliyekuwa amekunja sare zote bila kuambiwa, na ambaye siku hizi hukaa kiti cha mbele darasani kila Alhamisi, alisogeza kigoda karibu.

"Mke wangu, najua ulikuwa uongo. Lakini mgongo wangu kweli uliuma. Hata sasa unauma."

Mama Vifungo alikata uzi kwa meno, akaitazama mashine ya mama yake, halafu akamtazama yeye. Hasira ilikuwa imekwisha, ingawa hakuwa tayari kumwambia.

"Basi katafute lile godoro," alisema. "Lakini uangalie kwanza nani kaandika."